Aliyekaza Ndiye Anapanda

Githinji, fundi mwenzangu wa gereji, amenipigia simu hata nimeanza kuogopa mlio wake. Anataka niandike maneno kidogo kuhusu kazi yetu, vijana wapya wa gereji wasome. Kila akipiga namwambia niko shambani, hata kama nimelala kwenye kochi na miguu juu ya stuli. Juzi akaniambia hao vijana wako na hadithi yao tayari. Wanasema Mama Wambui, yaani mimi, aliondoka katikati ya wiki, bila chai ya kuagana, ovaroli akaiacha kwenye msumari, kwa sababu alikataa kupanda. Wengine wanaongeza ati nilikuwa nimefunga breki vibaya na nilijua.

Haya basi. Leo mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Giakanja, maharagwe yanaweza kukaa bila mimi, na nimechoka kusemewa. Nitaandika kwa nini siku ile sikupanda. Lakini mtu hawezi kuelewa kupanda kama haelewi kazi yenyewe, kwa hivyo mnivumilie nianzie kule nyuma. Mambo ya mishahara na vyeo sitagusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Gereji, kwa yule anayesoma na hajawahi kufika, iko kando ya barabara inayotoka Nyeri mjini kuja upande huu wetu, pale juu kabisa kabla barabara haijateremka mtoni. Inashughulika na trela tu: ekseli, breki na springi. Ukija na injini mbovu unaambiwa uendelee na safari. Mimi niliingia pale na ndoo ya uji. Nilikuwa nawauzia mafundi uji asubuhi, naosha vikombe, narudi nyumbani. Siku moja fundi mkuu, mzee Kamotho, mtu mfupi wa ugoro mwingi na maneno machache, aliniangalia nikiosha akauliza:

"We mama, unaosha vizuri hivyo kila kitu, ama ni vikombe peke yake?"

"Inategemea ni kitu gani."

"Ni beringi."

Akaniwekea karai la dizeli na beringi za ekseli nzima. Nikadhani ni kazi ya kumaliza kabla ndoo haijapoa. Nilisugua mpaka vidole vikakunjamana, nikampelekea moja. Aliishika karibu na sikio langu, akaizungusha kwa kidole.

"Inasema nini?"

"Inasema kama mtu anatafuna sukuma haijaoshwa."

Alicheka. Nawaambia, miaka yote niliyofanya kazi na huyo mzee, siku niliyomwona akicheka kabla ya saa sita mchana ni hiyo peke yake. "Basi rudia," akasema. "Hiyo mchanga kidogo ndio itakula gurudumu ya mtu huko Karatina." Nilirudia mpaka jioni. Kesho yake nilikuja bila uji, na mafundi walininunia karibu mwezi mzima kwa ajili ya njaa.

Kamotho hakuwa mtu wa kukaa chini na kufundisha. Alifundisha kwa kukasirika. Ukitaka kujua jambo lolote la maana ulingoja mtu mwingine alikosee, halafu ukasikiliza.

Kitu cha kwanza nilichosikia akikikasirikia ni rangi. Siku hizo ekseli mpya kutoka kiwandani tulikuwa tunaziona kwenye picha. Tulienda Sagana, kwa watu wanaovunja trela kuukuu, tukachagua huko. Muuzaji alikuwa ametupangia ekseli zikimeta nyeusi. Kamotho akatoa bisibisi mfukoni akaanza kukwangua, muuzaji akilalamika kama anakwanguliwa yeye. "Ekseli ya zamani na rangi mpya," mzee akaniambia, "ni mtu amejipaka mafuta na hajaoga." Alikuwa anatafuta mahali palipochomelewa. Ekseli iliyovunjika ikachomelewa haibebi mzigo wa mtu, hata ikipigwa rangi ya dhahabu.

Halafu akapitisha ukucha pale kwenye ncha, beringi inapokaa. Ukucha ukikwama hata kidogo, acha hiyo. Akaiviringisha juu ya vyuma viwili aone kama imepinda. Akapima kutoka makao ya springi upande huu hadi upande ule, kwa sababu ekseli mpya kwa trela lazima ilingane na dada zake ilizozikuta hapo chini. Ikizidi kwa upana wa kidole tu, springi zinakaa kwa kulazimishwa na matairi yanaliwa upande mmoja, kisha tajiri mwenye trela anakuja kulia kwamba ameuziwa matairi feki. Mwisho akaangalia ukubwa wa dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, na kuuliza laining zake, vile vipande vinavyolibana lisimame, zinapatikana wapi. Akiambiwa Mombasa, anaiacha. Msicheke. Mnaletewa mpya siku hizi zikiwa na karatasi na plastiki, na bado nimewaona mkifunga bila kupima makao ya springi.

Alikuwa na nyundo ndogo na waya. Nyundo ilikuwa ya kugonga yubolti, zile bolti zilizopinda zinazokumbatia ekseli na springi pamoja. Iliyokaza inalia, iliyolegea inaguna. Na yubolti iliyotolewa hairudishwi, inanunuliwa mpya, kwa maana ikishavutika mara moja haishiki tena sawasawa. Waya nao ulikuwa wa kunyoosha ekseli. Mmoja anashika ncha kwenye ile pini ya mbele ambayo trela inaning'inia kwa kichwa cha lori, mwingine anauvuta hadi katikati ya gurudumu la kushoto, anatia alama ya rangi nyekundu, kisha anauhamisha kulia. Alama isipofika mahali palepale, ekseli imekaa kombo na trela itatembea upande kama mbwa. Nilimwuliza kwa nini asitumie kamba, ni nyepesi. Akasema, "Kamba inakuonea huruma." Sikuelewa mpaka nilipotumia kamba mwenyewe ikavutika, na mzee akaniacha nifungue kazi yote upya akinusa ugoro wake.

Sasa nifike kwa kupanda.

Pale gereji kuna sheria ambayo haijaandikwa ukutani. Trela ikibadilishwa ekseli au breki, haijaribiwi tupu. Inapelekwa kule machimboni nyuma yetu, inajazwa mawe, inarudi, halafu inateremka mlima mpaka daraja la mto ikiwa na mzigo wake wote. Na aliyekaza hizo breki ndiye anapanda kichwani mwa lori na dereva. Hakuna kutuma mtu. Hakuna kusema una mgeni. Katikati ya mlima dereva anasimamisha gari kabisa, anaachilia, wanaendelea. Wakifika darajani, fundi anashuka anagusa dramu zote kwa kiganja. Zote zinatakiwa ziwe na joto moja. Yenye baridi haifanyi kazi, na yenye moto inafanya kazi ya wenzake. Zikiwa sawa, dereva anapiga honi mara mbili ili sisi huku juu tusikie na turudi kwa kazi zetu.

Mara ya kwanza nilipokaza breki kwa mikono yangu mwenyewe, dereva alikuwa Salim. Mnamjua Salim, ni mzaliwa wa Majengo hapo mjini, wakati huo alikuwa kijana mwembamba wa kofia na mdomo usionyamaza. Nilipanda nikatafuta mahali pa kushika. Salim akasema Bismillahi, akaachilia breki ya mkono, na mlima wote ukaingia kwenye kioo. Niliogopa, wacha niseme ukweli. Nilikuwa na mtoto mmoja nyumbani na nilimfikiria. Mguu wangu wa kulia ulikanyaga sakafu kwa nguvu zake zote, na haukutoka hapo mpaka darajani.

"Mama Wambui," Salim akasema, "breki iko upande huu wangu. Hiyo unayokanyaga ni bati la watu."

"Endesha gari."

"Naendesha. Lakini utanitobolea sakafu, nami nitamwambia tajiri nini?"

Dramu zilikuwa sawa. Salim akapiga honi. Huo mguu sikuweza kuuachisha maisha yangu yote, na Salim hakuacha kunichokoza. Kila tukifika darajani alikuwa anainama kwanza kuangalia sakafu upande wangu, anasema, "Leo imepona."

Miaka ikapita hivyo, na mimi nilidhani kama nyote mnavyodhani, kwamba kupanda ni kujaribu breki. Aliyekuja kunifungua macho ni Githinji, na ananiruhusu kusimulia haya kwa sababu yeye mwenyewe huwasimulia wageni kwa fahari.

Githinji wakati huo alikuwa fundi kamili aliyetoka gereji ya Thika, mikono myepesi, maneno mengi. Alipewa trela ya Salim abadilishe ekseli ya nyuma. Aliifunga kabla ya chakula cha mchana, tukashangaa. Mawe yakajazwa. Salim akakaa kwenye usukani akawasha gari. Githinji akakumbuka ameacha spana. Akarudi ndani. Akatoka, akaanza kufunga kamba za viatu. Akaomba maji. Kamotho alikuwa amekaa kwenye tairi lake akimwangalia, wala hakuinua sauti.

"Salim, zima gari," akasema. "Mama Wambui, toa hiyo gurudumu ya nyuma."

"Fundi, iko sawa hiyo!" Githinji akasema. "Nimekaza mimi mwenyewe!"

"Basi panda."

Githinji aliangalia kile kipandio cha kichwa, kisha akaangalia mlima.

Nikatambaa chini. Kuna mkono wa chuma tunauita slaki. Hewa ya breki inausukuma kwa fimbo, nao unageuza shafti inayobana laining kwenye dramu. Huo mkono una matundu kadhaa ya kuingizia pini, na sharti pande zote mbili za ekseli zitumie tundu moja. Githinji alikuwa ametumia tundu la juu kushoto na la chini kulia, kwa sababu fimbo ya upande mmoja ilikuwa fupi na hakutaka kutafuta nyingine. Trela ingebana upande mmoja kabla ya mwingine, pale kwenye kona ya mwisho kabla ya daraja, na mawe nyuma. Salim alikuja akachungulia, akaona, akaenda akakaa kando ya barabara peke yake.

Kamotho hakumfukuza Githinji. Alimwambia atafute fimbo ya urefu unaofaa, afunge upya, apande. Jioni nilimwuliza mzee alijuaje. "Sikujua," akasema. "Yeye ndio alijua. Mimi nilikuwa naangalia tu kama atapanda." Tangu siku hiyo, nilipopewa kusimamia wengine, niliangalia breki kwa jicho moja na fundi kwa lile lingine. Fundi akianza kutafuta spana wakati gari linanguruma, tunafungua gurudumu. Hatuulizani maswali na hakuna anayetukanwa. Tunafungua tu.

Msidhani madereva nao ni malaika. Mwaka fulani niliitwa Kangari, trela imebeba kuni za kiwanda cha chai, imelalia mtaro katikati ya majani chai. Dereva, mtu wa heshima zake, aliniambia breki zimekataa. Niligonga, nikapima, nikakuta slaki zote zimelegezwa. Nikamwuliza nani amelegeza. Akasema ni yeye, kule chini, kwa sababu milima ya Kangari ni ya kupanda tu wakati wa kwenda, na breki zikigusa kidogo gari linakuwa zito na matairi yanapata moto. Alikusudia kukaza akifika juu. Alipofika juu akakuta watu wanakunywa chai, akakaribishwa. Kumbe kabla ya lango la kiwanda kuna kamteremko kadogo. "Ni kadogo sana, mama," alinieleza, akionyesha kwa mikono. Hiyo tabia ya kulegeza breki kwa kupanda mlima sijaisikia kwingine isipokuwa kwa sisi watu wa milimani, na nimeichokea. Waambieni madereva. Wataitikia ndiyo, halafu watalegeza, lakini waambieni.

Kamotho aliacha kazi bila kuaga. Jumatatu moja hakuja, na Jumanne tukaambiwa amesema imetosha. Nilimtembelea kwake Mukurwe-ini nikiwa na mkate na majani chai. Aliniuliza kuhusu mvua, akaniuliza kuhusu Wambui, na nilipokuwa nimeshika mlango niondoke akauliza, "Siku hizi nani anapanda?" Nikamwambia ni mimi, na Githinji. Akatikisa kichwa kukubali. Alizikwa kabla ya mwaka huo kwisha. Alikuwa amenipa ile nyundo na ule waya mapema, akisema ati vinamjazia sanduku.

Baada ya hapo sina visa vingi vipya vya kuwapa. Kazi ni ileile. Unalala juu ya gunia kwenye saruji, matope ya Othaya yanakudondokea machoni, unakaza kwa spana ya msalaba, unagonga, unasikiliza. Laining unabadilisha pande zote mbili za ekseli, hata kama tajiri anakuapia kwamba upande mmoja bado ni mzuri. Jani jipya la springi huliweki katikati ya majani yaliyochoka, maana litabeba mzigo wa wote na litavunjika la kwanza. Unamwambia dereva arudi baada ya safari ya kwanza yubolti zikazwe tena. Harudi. Zikaja slaki za kujikaza zenyewe, na watu wakasema sasa kazi imekuwa rahisi. Imekuwa rahisi kwa yule asiyejua kwamba nazo huchoka.

Nami nilichoka. Si magoti, ingawa watu wote niliwaambia ni magoti. Ni vidole. Baridi ya mwezi wa saba ya kule juu, mkishika chuma asubuhi, mnaijua. Ilianza kuingia kwenye vidole vyangu na kukataa kutoka, hata Januari. Nilianza kuangusha nati. Nilikuwa napitisha ukucha kwenye ncha ya ekseli na sisikii kitu, nami sina hakika kama ni kwa sababu ni laini au ni kwa sababu ukucha umelala. Nilikuwa nazungusha beringi karibu na sikio, nikasikia kelele za barabara tu. Sikumwambia mtu. Nilifanya kila kitu mara mbili, nikachelewa kutoka, nikasingizia uzembe wa nyinyi vijana, kwamba hamjui kuharakisha.

Sasa ile siku. Trela ilikuwa ya Salim. Naye ameshazeeka, ndevu zimekuwa nyeupe, lakini mdomo ni uleule. Ilikuwa ekseli ya katikati, mpya kabisa, na breki zake. Niliifanya mwenyewe kwa sababu ni Salim. Nilipima na waya, alama ikaangukia mahali pake. Yubolti zikalia vizuri. Slaki zilikuwa zile za zamani za kukaza kwa mkono, ambazo Salim huwa hataki zingine. Unakaza mpaka laining ibane dramu, halafu unarudisha kidogo, kidogo tu, mpaka gurudumu lizunguke kwa kunong'ona. Nikaingiza pini kwenye tundu, kushoto na kulia, nikapanua miguu ya pini ndogo ya kuzuia isitoke. Nilifanya hayo yote. Mawe yakajazwa, gari likarudi, Salim akawasha.

"Mama Wambui, twende, sakafu inakungoja!"

Nikaenda. Nikashika chuma cha mlango, nikaweka mguu kwenye kipandio, na mguu haukwenda juu.

Niliusukuma kwa mawazo. Niliwaza, nimepanda hapa tangu Wambui akiwa mtoto wa kubebwa, na sasa Wambui ana watoto wake. Nikajiambia ni magoti. Nikaanza kutafuta miwani yangu mfukoni. Miwani ilikuwa usoni. Hapo ndipo nilipoinua macho nikamwona Githinji amesimama mlangoni mwa stoo ananiangalia, kama Kamotho alivyokuwa akimwangalia yeye. Nilisikia aibu ikinishika kutoka miguuni kuja juu.

"Salim, zima gari," nikasema.

Alizima. Akachungulia dirishani. "Kuna nini?"

"Fungueni hiyo ekseli ya katikati. Pande zote mbili."

Githinji alikuja akanishika mkono taratibu, akaniketisha kwenye tairi. "Kaa hapo, Fundi. Nitafungua mimi." Alitambaa chini mwenyewe, mtu mzima na tumbo lake, bila kumwita mtu mwingine. Nilimsikia akigonga. Nilisikia yubolti zikilia, moja baada ya nyingine. Akatoa magurudumu, akatoa dramu, akaangalia laining, akaangalia pini. Nilikuwa nimekaa pale naomba Mungu akute kosa. Mnielewe vizuri. Nilitaka kosa lipatikane, kwa maana kosa lingerekebishwa na mimi ningepanda.

Alitoka akipangusa mikono.

"Fundi, iko sawa. Hakuna kitu. Hata mimi singefunga poa hivyo."

"Tundu za pini?"

"Iko moja. Huku na huku."

"Na zile pini ndogo?"

"Nimeangalia yote, Fundi. Iko sawa. Sasa mbona umekataa?"

Nikamwambia ukweli, kwa sauti ndogo ili wale wengine wasisikie. Nilimwambia kwamba nilipanua ile pini na vidole havikuniambia kama imepanuka. Niliona kwa macho, lakini mkono haukusema kitu. Na kama mkono wangu hausemi kitu, siwezi kupanda, na ikiwa mimi siwezi kupanda, Salim hawezi kushuka mlima.

Salim alikuwa ametoka garini na alisikia yote. Nilingoja anichokoze. Alivua kofia yake, akairudisha. "Basi hatuendi leo," akasema. "Mawe hayaozi. Nitakungoja kesho, Mama Wambui. Kesho kutwa pia."

"Usiningoje, Salim."

"Nani atakanyaga sakafu?"

Machozi yalikuwa karibu, kwa hivyo nikamwangalia Githinji. Yeye alikuwa ameshaanza kurudisha dramu. Alifunga kila kitu upya kwa mikono yake, pande zote mbili, kimya, yeye ambaye mdomo wake mnaujua. Alikaza slaki, akarudisha kidogo, akazungusha gurudumu akitega sikio. Halafu akanawa mikono kwenye ndoo, akazunguka mbele ya gari, akapanda. Hakutafuta spana. Hakufunga viatu. Alipanda tu, kama mtu anayeingia nyumbani kwake, na mimi nikajua kwamba gereji iko na mtu.

Nilivua ovaroli nikaiweka kwenye msumari wake. Ule waya na ile nyundo niliviweka kwenye kiti cha Githinji ndani ya stoo. Kisha nikatoka nikasimama kando ya barabara, kwa sababu miaka hiyo yote sikuwahi kuona kazi yetu ikiteremka mlima. Nilikuwa ndani kila mara, ama chini ya trela nyingine. Kutoka nje inaonekana kubwa sana. Ilipita mbele yangu na mawe yake, Salim akaniinulia mkono, midomo yake ikisema ile Bismillahi. Katikati ya mlima ikasimama kabisa, hewa ikatoka kwa kishindo, ikaachiliwa, ikaendelea. Ikapinda ile kona ya mwisho, sikuiona tena.

Nilingoja. Najua inachukua muda gani kushuka na kugusa dramu zote, na siku hiyo nilihisi kama Githinji anazigusa za trela zote za Kenya. Halafu honi ikalia kutoka darajani, mara mbili. Vijana nyuma yangu wakarudi kwa kazi zao, kama kawaida. Mimi nilipotaka kuondoka nilihisi mguu wa kulia umekufa ganzi. Nikaangalia chini. Kiatu kilikuwa kimechimba shimo kwenye mchanga wa kando ya barabara, kisigino juu, vidole chini. Nilikuwa nimekanyaga breki tangu gari liondoke.